Hodi Tatu Nje ya Pazia

Mjukuu wangu tulimbandika jina Samahani, maana neno hilo alilijua kabla ya kujua mama. Akikanyaga kuku, samahani. Akikanyagwa yeye, samahani. Ndiye huyo aliyemaliza udaktari akatuambia anataka kusomea uzazi na maradhi ya wanawake.

Mjomba wake ni fundi makochi, mwanangu wa kumzaa, ila akili alizisahau tumboni. Akasema mwanamume mzima achague mifupa, mifupa haina aibu. Nikamwambia wewe mwenyewe ulipokelewa na daktari mwanamume, na hakukimbia licha ya sura yako ile. Aliyekimbia ni baba yako. Nilimtuma akalete gari la kunipeleka hospitali, nikaishia kwenda kwa miguu, akarudi una meno mawili. Amekufa na sijamsamehe.

Basi Samahani akaletwa wadi ya wazazi, hiyo hiyo ninayodeki mimi mwaka wa ishirini na sita huu. Sista mkuu akampa sharti: mpaka Ijumaa awe amezalisha watatu, na wamkubali kwa midomo yao wenyewe, ndipo amtilie saini fomu ya masomo. Asipofikisha, mpaka mwakani.

Wawili aliwapata. Ijumaa ikafika kabakiza mmoja, na wadini kulikuwa na mwenye uchungu mmoja tu, muuza nyanya, ana mapacha.

Mimi nadeki zangu. Namwona kasimama nje ya pazia, glavu mkononi, anasema, "Hodi."

Pazia, jamani, halina hata mlango. Ndani mtu anahema kama mvukuto, atamjibu kwa pumzi ipi? Akangoja. Hodi ya pili, mguno. Hodi ya tatu, mguno. Akageuka akaanza kuondoka zake taratibu.

Nikamzuia na mpini wa dekio, nikamuuliza anakwenda wapi.

"Bibi, si wewe uliyenifundisha? Hodi tatu, usipojibiwa, ondoka."

Nilimfundisha, ndiyo, lakini nilisema majumbani mwa watu. Kabla sijamaliza kumtukana, kichanga kikalia. Sista mkuu kapitia upande wa pili, kashakidaka. Samahani akarudi kinyumenyume, akakaa ndani ya ndoo yangu, na maji yake.

Kumbe muuza nyanya alisikia yote. Sista anamwambia asukume wa pili, yeye kagoma. Anasema tangu asubuhi watu wanafunua pazia lile kama banda la mbuzi, hata fundi wa taa kachungulia.

"Niitieni yule wa hodi. Mwingine hanigusi."

Akaja, kabadili glavu, suruali inachuruzika. Akafika kwenye pazia akasimama. Naapa, alisimama.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Ila ukipiga ya pili utamkuta anatembea."

Wa pili akatoka salama, wa kike, mdomo kama wa mama yake. Samahani alimpokea kwa mikono miwili akamwomba samahani kwa kumchelewesha. Sista mkuu alitia saini pale pale, juu ya kabati la dawa, hakucheka, ila mabega yalikuwa yanamtikisika.

Sasa yule fundi makochi anawatangazia wateja kwamba mpwa wake ni daktari wa akina mama, na ushauri aliutoa yeye. Nimemweka fungu moja na baba yake, la wasiosamehewa.