Mdomo wa Pande Mbili

Kwa miaka kumi na tisa walimwita Mdomo, wala hakuwahi kukasirika, maana ndiyo kazi iliyomweka mjini. Kisiwa kiligawanywa kwa seng'enge, kaskazini na lugha yao, kusini na yao, na wakubwa walipokutana kutafuta suluhu, mwanamke huyu wa kusini ndiye aliyewakalimania. Suluhu gani sasa? Mwaka mmoja mzima waliumaliza wakibishania nani aingie ukumbini kwanza, hadi ukuta ukatobolewa mlango wa pili. Nisiseme mengi, nitamtukana mtu.

"Mdomo, leo tunagombana kwa adabu au bila?" mlinzi alimtania asubuhi ile.

"Adabu iko likizo, kaka," akajibu, ila kicheko hakikutoka.

Dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliolewa kaskazini kabla ya seng'enge. Sasa yuko hoi kitandani. Jana yake binti wa dada alipiga simu. "Mama mdogo, daktari anasema hamalizi wiki. Anakuulizia wewe tu."

Na ajenda ya siku hiyo, ona mambo, ilikuwa moja: lango lifunguliwe kwa wenye wagonjwa mahututi upande wa pili. Hata kalamu za kusainia zilishawekwa mezani. Mdomo alikuja na begi la nguo, akalisukuma chini ya kiti.

Wakakwama kwenye kichwa cha karatasi. Kusini waliandika "mpaka". Kaskazini wakasema hakuna cha mpaka, kuna "mstari" tu, nchi ni moja. Masaa manne, watu wazima na mvi zao. Mdomo akapeleka neno huku, akarudisha neno kule, koo likamkauka. Aliwaza kudanganya, kila upande usikie unachotaka. Lakini kila upande ulikuwa na mtu wake aliyejua lugha zote mbili, wa kumchunga asipotoshe. Angefukuzwa, na lango lisingefunguliwa.

Mwishowe mwenyekiti wa kaskazini akafunga faili, akasema maneno machache kwa lugha yake. Watu wa kusini wakamgeukia Mdomo, wakisubiri.

Mkalimani, kama hujui, hasemi "huyu bwana anasema". Husema "mimi", utadhani maneno ni yake. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mimi sina haraka," akasema, sauti haikutetemeka. "Tukutane tena baada ya miezi mitatu."