Mgongo wa Baba Chebet Ulipozoea Dawa

Ipo siku moja, mwanangu, haijanitoka akilini hadi leo. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa upande wa Sotik, na mume wangu, Baba Chebet, alikuwa kitandani na kansa ya mifupa. Hospitali ilimpa mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali. Mwanzoni ilimsaidia sana. Alilala, hata akaanza kunitania kwamba nachuma majani chai kutwa nzima na chai yangu bado ni maziwa matupu.

Kisha kipimo kile kile kikaacha kumtosha. Wanaume wa rika lake, waliotahiriwa pamoja naye, walikuja kumwona wakamsikia akiguna. Mmoja akasema, "Wewe ulisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Sasa maumivu ya kitanda ndio inakushinda?" Wakaondoka, na hawakurudi. Basi naye akafunga mdomo. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumwangalia akiuliza, anajibiwa, "Niko sawa." Mimi nikirudi kutoka shambani nakuta ameuma blanketi hadi limetoboka. Alinikataza kusema, na sikuwa na mtu wa kulia naye.

Muuguzi huyo, mama mtu mzima kutoka upande wa ziwa, siku hiyo ninayoikumbuka aliliona blanketi. Akavuta kiti.

"Mzee, usinifiche. Ndani ya uti wa mgongo kuna mishipa inapeleka maumivu kwa kichwa. Hii dawa inafunga hiyo njia. Ikikaa, mishipa inaizoea, inaanza kupitisha maumivu tena. Pengine ugonjwa pia umeongezeka. Lakini si wewe umekuwa mwoga. Daktari ataongeza kipimo."

Baba Chebet alilia, mwanangu. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

"Waambie hivyo wale," akaniomba.

Kipimo kiliongezwa, akalala vizuri tena. Niliwapelekea wenzake habari. Kila mbwa alipobweka, Baba Chebet aligeuza kichwa kutazama mlango, akidhani ni wao. Walikuja siku ya mazishi yake tu, wakamsifu kwa ushujaa wake, na hasira ile sijaimaliza.

Kwa hivyo mgonjwa wako akikwambia dawa haimtoshi tena, mwamini. Usimwongezee mwenyewe kwa kukisia, mwite muuguzi. Usimkumbushe tohara yake. Kaa naye tu, hata kama huna la kusema.

Mungu akuepushe na kitanda kama kile, mwanangu. Na kikikufikia, usikose wa kukupigia hodi.