Kitabu cha sala cha Kiebrania tulichonunua car boot sale, na nilivyowatafuta wenyewe hapa London

Wakuu, habari za mchana. Kuna jambo limenikaa kifuani, nalisema kama lilivyotokea, sijaongeza chumvi. Asiyeamini apite tu, hatugombani.

Mimi na mke wangu Neema tunaishi Edmonton. Mimi niko warehouse, yeye ni carer, anahudumia wazee majumbani. Tumepoteza mimba mbili, zote zikiwa zimeshakuwa kubwa. Hii ya tatu ilikuwa imefika miezi saba, na hofu ndani ya nyumba ilikuwa haisemeki.

Neema alinunua kitabu cha sala cha Kiebrania kwenye car boot sale, yale masoko ya vitu vya mitumba, cha zamani, jalada limechakaa. Mchungaji wetu akakifungua, akakuta mistari imeandikwa kwa mkono ukurasa wa kwanza. Akatangaza kuwa hiyo ni baraka ya uzazi.

(Mchungaji hajui Kiebrania, jamani. Anajua shalom na haleluya, basi.)

Tangu hapo kila jioni Neema anaweka kiganja kwenye ile mistari, mkono mwingine tumboni, anaomba. Akaanza kupata usingizi. Ningesema nini?

Ila kukaa na kitu cha ibada cha watu bila kujua ni cha nani kulinitia wasiwasi. Ndani kulikuwa na muhuri wa duka la Stamford Hill, mtaa wa Wayahudi. Siku ya off nikakibeba, Neema akiwa kazini.

Duka lenyewe halipo tena. Jirani yake kuna mzee anauza vitabu vya dini yao. Alikipokea, akakibusu, akakifungua upande wa pili. Kumbe sisi tulikuwa tunakianzia mwisho, wenzetu wanasoma kutoka kulia.

Nikamwonyesha ile mistari. Akaisoma, akavua miwani.

"Haya ni majina ya watoto," akasema. "Wanne. Wote walikufa wachanga. Ameandika mama yao."

Wakuu, hebu fikirieni. Mke wangu alikuwa anaombea mimba juu ya majina ya marehemu.

Surname iliyoandikwa pale kwenye majina mzee aliitambua. Alisema kuna binti yao yuko hai, bibi kizee sasa, akampigia simu palepale. Bibi akasema nikilete, anakitaka.

Njia nzima kwenye basi nawaza. Nikinyamaza, namdanganya. Nikisema, je, mshtuko ukiondoka na huyu mtoto?

Jioni Neema akakiulizia kitabu. Nikampa. Akaweka kiganja, akafumba macho. Nikashindwa kuvumilia. Nikautoa mkono wake taratibu, nikamweleza yote.

Hakulia. Alishika tumbo kwa mikono miwili mpaka nikashika simu niite ambulance. Kisha akasema, "Nipeleke kwa huyo bibi."

Tulimkuta bibi ametuandalia chai, tukamsimulia habari za zile mimba mbili. Alipitisha kidole kwenye yale majina, moja moja. Alikuwa hayajui. Mama yake alikuwa akisema tu "wale wengine", na kitabu kilipotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, bomu lilipobomoa nyumba yao.

"Mimi nilizaliwa baada ya hapo," akamwambia Neema. "Kwa wale wanne mama alikuwa na kitabu hiki. Kwangu hakuwa nacho."

Neema akamwambia kitabu ni chako, hatuondoki nacho.

Bibi akauliza, "Na wako wanaitwaje?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu kwamba wetu hatukuwapa majina.

Neema akasema, "Elia na Tumaini."

Nimelala kitanda kimoja na huyu mwanamke miaka yote, sikujua wanangu wana majina. Nililia mbele ya watu, wala sioni aibu kuliandika.

Wanaume wenzangu, tunadhani kutolitaja jambo ndiyo kumlinda mke. Mimi nilimwacha aubebe msiba peke yake.

Neema bado hajajifungua, na mchungaji amenuna kuambiwa haikuwa baraka. Waliopitia haya nawasikiliza hapa chini: nyie wenu mliwapa majina?