Oili ya Marehemu Boniphace

Mimi ni fundi wa injini hapa Mwisenge, Musoma, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mjini wananijua kwa mdomo. Mteja akiniletea upuuzi, namwambia ni upuuzi. Mara moja tu nilinyamaza pale pa kusema, na hiyo ndiyo ninayoijutia mpaka leo.

Mzee Machage wa Bunda alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba miaka ishirini na saba, akitia mashine grisi na oili. Alikuwa na usafi wa kuudhi. Akija gerejini anafuta benchi kwa leso kabla hajakaa, nami namtania, "Mzee, hapa gereji, siyo kanisani." Anacheka, anaendelea kufuta.

Mkewe Bhoke figo zilifeli. Ikabidi aje Musoma mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Safari ya basi ilikuwa inamuua kabla ya ugonjwa: anatapika njia nzima, na wakirudi miguu haimbebi kutoka stendi. Akaanza kusema bora akae nyumbani afe kwa amani. Hapo mzee akauza ng'ombe wanne, akaja tutafute gari.

Tulilipata Butiama, kigari cheupe cha mwalimu Boniphace, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta tope jeusi limegandia, kama uji uliokaukia sufuriani. Marehemu hakuwa mtu wa kubadilisha oili kwa wakati, Mungu amrehemu. Lakini injini iliwaka mara moja na haikugonga. Nikamwambia mzee achukue.

"Tutamwaga oili, tuweke mpya na filta mpya," nikamwambia. "Baada ya wiki tatu tunamwaga tena. Uchafu utatoka polepole. Ila asije mtu akakuflashia injini hii."

Dawa ya kuflashi ikiingia kwenye injini chafu namna ile, inabandua tope lote kwa pamoja. Tope linashuka, linaziba chujio la pampu kule chini, oili haipandi tena, vyuma vinasagana vikavu, na injini inanoki, imekufa. Mzee alikuwa mtu wa mashine, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Bhoke ndiye aliyekataa. Ilikuwa Ijumaa, ametoka hospitali, wamekuja gerejini wachukue gari waende nalo nyumbani. Alilizunguka taratibu, kitenge chake cha kijani mabegani.

"Baba Paschal, hili si la marehemu? Mmelisafisha?"

"Limeoshwa vizuri," mzee akasema.

"Nje. Na ndani ya injini? Kwetu nguo za mtu aliyekufa hatuvaagi mpaka zifuliwe. Mimi naumwa hivi, nipande na uchafu wa marehemu?"

"Mama, oili yake namwaga yote," nikasema.

"Na ile iliyoganda?"

Nikafunga boneti. Iliyoganda ndiyo niliyotaka ibaki, itoke polepole.

"Mimi wananisafishaga damu, narudi nina nguvu," akasema. "Na lenyewe lisafisheni. Bila hivyo sipandi."

Mzee akanivuta pembeni. "Werema, huyu namjua. Asipopanda hili, haendi tena hospitali. Flashi."

"Mzee, unajua itakavyokuwa."

"Najua inavyoweza kuwa. Flashi, mwanangu."

Ningeweza kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kusafisha chujio kwa mkono. Lakini ilikuwa kazi ya siku nzima, na mama alikuwa ameketi juu ya tairi, amechoka, anasubiri kurudi Bunda. Ningeweza hata kumwaga oili tu, nimwambie nimeflashi. Uongo mdogo kama huo ungetosha. Mimi, na mdomo wangu wote huu, nikaona aibu kumdanganya mgonjwa. Nikamimina dawa.

Wiki mbili gari lilienda vizuri. Bhoke alikaa mbele, kioo kimeshushwa, na kutapika kukakoma. Siku moja aliniletea mfuko wa michembe, viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe. "Unaona, fundi? Lilitaka kuoshwa tu." Nikala michembe yake na kuanza kuamini kwamba labda nilikuwa mwoga bure.

Jumatano ya wiki ya tatu, walipopita Kiabakari, taa ya oili ikawaka. Mzee alizima injini papo hapo, lakini ilikuwa imeshakula vyuma. Bhoke akauliza kuna nini.

"Petroli imeisha," akamjibu.

Wakapata lifti hadi hospitali, na gari likavutwa hadi Bunda kwao. Nilikwenda kulifungua mwenyewe. Chujio lilikuwa limezibwa lote, hata sindano haipiti.

"Mwambie ni pampu ya petroli, unasubiri spea," mzee akaninong'oneza. "Asijue kama ni kule kuosha. Atajilaumu." Nikaenda nikamwambia Bhoke nasubiri spea kutoka Mwanza. Safari hii uongo ulikuja kirahisi.

Ijumaa akapanda basi, akateseka. Jumatatu akakataa. Mzee alimpigia magoti, nami nikampigia simu kumsihi.

"Sina haraka, fundi," akaniambia. "Nasubiri gari langu. Ukimaliza nitaenda."

Nilikuwa na simu sikioni na ukweli mdomoni, nikashindwa kuutoa. Alifariki siku ya kumi na moja tangu akatae basi, akisubiri spea ambayo sikuwa nimeiagiza popote.

Baada ya mazishi, mdogo wake Wankyo na wanawake wa kwao walikusanya nguo zake wazifue kabla ya kugawana. Mzee alinyanyuka, akatoa kile kitenge cha kijani kwenye beseni kabla hakijaguswa na maji, akaenda kukiweka kwenye kiti cha mbele cha gari.

"Shemeji, kilete tukifue," Wankyo akamwambia. "Ndivyo tunafanyaga."

"Hiki hapana. Kiacheni na uchafu wake." Akapandisha vioo vyote, akafunga mlango. Mtu yule aliyefuta benchi langu kwa leso.

Mwezi uliopita nilipata injini nzima, iliyotumika lakini safi. Nikaenda Bunda kumwambia mzee kwamba nitamfungia bure, nitaanza siku hiyo hiyo, anipe tu funguo nifungue boneti kutokea ndani. Alinishukuru sana, akanishika mkono na kunikalisha.

"Hapana, Werema," akasema. "Ukifungua mlango, harufu yake itatoka."