Jinsi Godoro la Raymundi Lilivyotangulia Chemchem

Waraka wa Mkoa namba saba wa mwaka 1974 ulitamka, kwa herufi kubwa na muhuri wa zambarau, kwamba kila mtumishi wa serikali atakayehamishiwa Tabora kulijenga taifa atapatiwa makazi yanayomstahili ndani ya siku kumi na nne tangu siku ya kuripoti kazini. Aya ya pili iliongeza kwamba, kwa sababu hiyo, mtumishi hatakuwa na haja ya kumtegemea ndugu, jamaa wala kabila, mambo ambayo yalifikia mwisho wake usiku ule bendera ya Mwingereza iliposhushwa. Nakala mia nne zilipigwa chapa. Moja ilimfikia Raymundi.

Raymundi alikuwa karani wa majalada, umri miaka ishirini na sita, Mluguru wa milima ya Matombo, mwenye kaunda suti moja, tai moja, na imani isiyo na kiraka. Aliusoma waraka mara tatu ndani ya treni kati ya Morogoro na Tabora, akauamini mara zote tatu, jambo ambalo nadhani hata aliyeuandika hakulitazamia.

Alikuwa na sababu ya kuuamini. Mkewe, Pelagia, alikuwa na mimba ya miezi mitano, naye alibaki kwa kaka yake Wenceslaus hadi chumba kipatikane. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Wenceslaus hakuwahi kumpenda shemeji anayeishi kwa kufunga majalada kamba. Alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mtoto akizaliwa chini ya paa lake, atakulia chini ya paa lake. Kwa hiyo Raymundi hakuwa akitafuta nyumba tu. Alikuwa akitafuta kuwa baba.

Alishuka stesheni ya Tabora Ijumaa ya tarehe saba Juni, alasiri, treni ikiwa imechelewa kwa saa sita tu. Alikuwa na sanduku la bati, sufuria mbili, na godoro la sufi alilopewa siku ya harusi, limekunjwa na kufungwa kwa katani. Kabla hajauliza ofisi iko wapi, alisogelewa na mama mmoja mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye ungo wa karanga kiunoni.

"Shikamoo, mama," alisema Raymundi.

"Marahaba, baba. Umetoka wapi na hilo rundo?"

"Morogoro, mama."

"Morogoro ya wapi? Mjini au kule juu wanakopanda ndizi kwa kamba?"

"Matombo."

Mama yule akapiga ukelele uliowageuza watu wa mabehewa matatu. "Mluguru! Jamani, Mluguru kashuka! Hebu tembea nikuone, maana nyie mguu mmoja mfupi kwa sababu ya kuishi mteremkoni. Na ukome kuniamkia kama mkweo!" Kisha, bila kuomba ruhusa, akamkabidhi ungo jirani yake, akalinyanyua godoro, akalitua kichwani na kuondoka nalo. "Babu yangu aliwabebea Waarabu pembe mpaka pwani," alisema bila kugeuka. "Mimi ninambebea Mluguru sufi. Tumeshuka cheo."

Jina lake lilikuwa Sikuzani, mjane wa mtaa wa Chemchem, mjukuu wa mpagazi aitwaye Mabruki. Kila mtu pale stesheni aliona kilichotokea, na kila mtu alikielewa, isipokuwa mwenye godoro. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu misafara ilipokuwa ikipita chini ya milima ya Uluguru, wapagazi wakila ndizi za wenyeji bila kuuliza bei, na wenyeji wakiwacheka kwa kubeba mali isiyo yao. Mtani huchukua chako, hukutukana, na ukifa hukuzika, kukasirika hakuruhusiwi. Na mgeni akichukuliwa godoro na mtani, anachotakiwa kufanya ni kulifuata. Linakolala godoro ndiko anakolala yeye. Hakuna fomu ya kujaza.

Raymundi alijua utani ni nini. Bibi yake alikuwa bingwa wake. Lakini aliamini kwamba umefutwa na aya ya pili. Kwa hiyo alifanya kosa ambalo ni mtu aliyesoma nyaraka tu angeweza kulifanya: alikwenda polisi.

"Kabila?" aliuliza konstebo wa zamu, kalamu mkononi.

"Mtanzania."

"Vizuri. Na mwizi?"

"Mwanamke muuza karanga. Amenitukana miguu, kisha akachukua godoro."

Konstebo akaweka kalamu chini. "Wewe Mtanzania, umetokea milima gani?"

Alipojibiwa, konstebo, Mnyamwezi aliyezaliwa Igunga, alicheka hadi akavua kofia. Aliandika katika kitabu chake kwamba malalamiko yamepokelewa, akamwonyesha njia ya Chemchem. Raymundi alishika njia ya gesti.

Hivyo ndivyo yalivyoanza maisha ya mjini kwa bajeti. Gesti ilimmeza kwa siku nne, kisha mshahara wa mwezi uliopita ukamwomba aondoke. Ofisini aliambiwa kwamba nyumba za watumishi zipo, zimechorwa, na ramani zake zinatunzwa vizuri sana; yeye mwenyewe, kama karani wa majalada, ndiye atakayekuwa anazitunza. Mkubwa wake, mtu mwenye huruma, alimruhusu kulala stoo. Huko Raymundi alizikuta nakala mia tatu na tisini za Waraka namba saba, hazijasambazwa kwa kukosa petroli, zimefungwa bunda bunda. Akazipanga sakafuni, akatandika shuka. Hivyo asingeweza kusema kwamba waraka haukumpatia mahali pa kulala.

Asubuhi alikunywa chai kavu na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa ambavyo mgeni huvitafuna kwanza kwa adabu, halafu kwa taya. Mchana hakula. Jioni alitafuta chumba. Juni ya Tabora ina baridi kavu inayopasua midomo, na vumbi jekundu lililoigeuza kaunda suti yake rangi ambayo fundi hakuikusudia. Alikuwa anaifua Jumamosi na kukaa stoo na taulo hadi ikauke.

Alianzia kwa Ebrahim, mwenye duka la vitambaa, ambaye Raymundi alisikia ana vyumba vya uani.

"Vyumba vilikuwa vyangu, bwana," alisema Ebrahim, akiendelea kupima khanga kwa mkono. "Siku hizi jengo ni la serikali, mimi mwenyewe mpangaji ndani ya nyumba aliyojenga baba. Mambo ya usawa. Wewe si ndiye Mluguru wa godoro?"

"Umejuaje?"

"Mji mzima unajua. Sikuzani analianika nje kila siku, analigeuza kama chapati. Sasa wewe hapa kwangu unatafuta nini?"

"Natafuta chumba kwa utaratibu."

Ebrahim alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichochuja. "Babu yangu alishuka hapa kutoka Bagamoyo na punda mmoja mgonjwa," alisema. "Angesubiri utaratibu, mimi ningezaliwa punda."

Ikabaki nyumba ya balozi. Bila barua ya balozi wa nyumba kumi, hakuna mwenye chumba aliyethubutu kumpokea mgeni, wala duka la ushirika lisingempa sukari. Na ofisi ilikuwa imempangia Chemchem, kwa balozi Silasi, mzee wa Kanisa la Moravian, mtu wa maneno machache na miwani yenye kioo kimoja kizima.

"Barua nakuandikia leo hii," alisema Silasi. "Niandike unaishi kwa nani?"

"Ndicho ninachotafuta, mzee. Nikipata barua nitapata chumba."

"Na ukipata chumba nitakupa barua. Lakini wewe una chumba."

"Sina, mzee."

"Godoro lako liko ndani ya nyumba kumi zangu, nyumba ya saba. Godoro ni mkazi. Wewe sijui." Silasi akafuta kile kioo kizima. "Kijana, wenye vyumba hapa wanasema mtu aliyempeleka mtani wake polisi, wakigombana naye juu ya maji ya ndoo atawapeleka kwa nani? Nenda kamwone yule mama."

"Nikamwombe msamaha kwa kuniibia?"

"Umeona? Ndiyo maneno yenyewe hayo."

Hakwenda. Kila jioni alipita mwanzo wa ule mtaa, akaona godoro lake juani, limenona kwa joto, naye akarudi kulala juu ya aya ya pili. Siku ya kumi na moja ikaja simu ya maandishi kutoka Morogoro. Pelagia alikuwa ametumia maneno machache, kama mtu anayejua thamani ya kila moja: NAFIKA IJUMAA NA WENCESLAUS. HAKUNA CHUMBA NARUDI NAYE.

Ijumaa ilikuwa tarehe ishirini na moja, siku ya kumi na nne kamili. Asubuhi Raymundi alimuuliza mkubwa wake kama kuna lolote. Akajibiwa kwamba jalada lake limefunguliwa. Alilijua hilo, alilifungua yeye.

Alasiri alisimama stesheni na tai shingoni. Pelagia alishuka polepole, mkono mmoja kiunoni, na nyuma yake Wenceslaus, amevaa viatu vyeusi vya kung'aa na uso wa mtu aliyekwisha kukata tiketi ya kurudi.

"Chumba?" aliuliza Wenceslaus, kabla ya salamu.

"Suala liko katika hatua," alisema Raymundi. "Kuna waraka..."

"Nilikuuliza chumba, shemeji. Waraka una mlango?"

Pelagia alimtazama mumewe aliyepungua uzito, vumbi kwenye kola, na midomo iliyopasuka, na Raymundi akaona machozi yakianza kumlengalenga mkewe. Hapo ndipo alipotembea. Alivuka jukwaa zima hadi alipokaa Sikuzani na karanga zake, akasimama mbele yake mikono nyuma, kama mwanafunzi. Alifungua mdomo, lakini lugha aliyokuwa nayo ilikuwa ya ofisini.

"Mama, kuhusu lile godoro, naomba kuwasilisha..."

"Nani huyu anawasilisha?" alisema Sikuzani, akiwaelekea watu. "Si yule wa polisi? Na yule mwenye tumbo ni nani, mkeo? Masikini, kaolewa na mguu mfupi!"

Pelagia alisikia. Alifuta macho kwa pembe ya khanga, akamwacha kaka yake na maneno mdomoni, akaja moja kwa moja.

"Wewe mpagazi!" alisema. "Tangu lini punda wa Kinyamwezi anakaa chini mizigo imesimama?" Akachukua kikapu chake kizito cha ndizi mbivu, akakitua juu ya kichwa cha Sikuzani. Kisha akaunyanyua ungo, akatia kiganja kizima cha karanga mdomoni. "Na karanga zako zimeungua. Ndiyo ulizomlisha mume wangu akakonda hivi?"

Alitafuna mara mbili. Halafu Sikuzani akapiga ukelele kuliko ule wa kwanza, akasimama na kikapu kichwani, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Ndiyo huyu! Huyu ndiye Mluguru! Wiki mbili ninamngoja mtu, kumbe walinitangulizia karatasi! Twende, bibi harusi, maji yako motoni."

Njiani Pelagia aliuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo: "Alichukua godoro siku ya kwanza, na wewe hukulifuata?" Raymundi alisema kwamba kulikuwa na aya ya pili. Hakuulizwa tena.

Chumba kilikuwa cha uani, kimesakafiwa upya kwa udongo, kina mtungi wa maji, msumari wa kutundikia kaunda suti, na kitanda cha kamba. Juu ya kitanda, godoro, halina hata mdudu. Balozi Silasi alikuwa amekwisha kukaa barazani na barua yake. Ilibaki kujaza tarehe tu.

Lakini kumshitaki mtani kuna faini, nayo ilisomwa papo hapo. Kesho yake, Jumamosi, mchana kweupe, Raymundi alibeba godoro kichwani kutoka Chemchem hadi stesheni na kurudi, amevaa tai, huku Sikuzani akimtangulia na kijiti kama kiongozi wa msafara na akinamama wakipiga vigelegele. Ebrahim alifunga duka kwa dakika kumi ili aone; alisema hajawahi kupata hasara iliyomfurahisha hivyo. Yule konstebo alipiga saluti. Mtu mmoja aliyeshuhudia alisema kwamba kufikia duka la ushirika Raymundi alikuwa anacheka, na kwamba alipofika stesheni alimwita Sikuzani punda, kwa sauti, bila kuwasilisha.

Wenceslaus aliondoka peke yake kwa treni ya Jumapili, na kiatu kimoja. Sikuzani alikuwa amekichukua kingine, kwa maelezo kwamba mguu mfupi hauhitaji. Ukikitaka, alimwambia, kifuate. Chumba cha pili kipo. Mtoto alizaliwa Oktoba, akabatizwa jina la mtakatifu ambaye hakuna anayemkumbuka, maana uani alipewa jina la Mabruki, la yule mpagazi, na hilo ndilo lililoshika. Mjomba alikuja kumwona. Alikuja kwa ajili ya kiatu, alisema.

Barua ya kumjulisha Raymundi kwamba nyumba yake ya mtumishi iko tayari, kwa mujibu wa Waraka namba saba, ililetwa Chemchem mwezi Machi 1982. Aliyewasomea wote pale uani, akisimama kidogo baada ya kila neno, alikuwa Mabruki, mwanafunzi wa darasa la kwanza.