Suti ya Kutazamia Milima ya Alpi

Juzi nilikuwa kwenye foleni kwa wakala wa safari hapa Stockholm, nyuma ya mke na mume Watanzania. Mama aliomba, kwa Kiswidi safi, tiketi mbili za treni ya watalii inayopita milima ya Alpi. Alitaka viti vya dirishani.

Binti wa kaunta akatabasamu. "Na mgonjwa wenu anatumia kiti cha magurudumu?"

"Mgonjwa gani?"

"Huyo mnayemhudumia safarini."

Mume akainamisha kichwa. "Mama watoto, twende zetu."

"Hatuendi popote," mama akasema, kiganja juu ya kaunta. "Miaka yote nawasukuma wazee wa watu wakatazame theluji. Safari hii natazama mimi."

Tiketi walipewa. Samahani hawakupewa, ila tabasamu lilikuwa lile lile.

Mlangoni nikamsikia mume akinong'ona, "Basi nivae suti, abiria wasije wakaniagiza chai."

Nilingoja mama amkaripie. Akafikiri kidogo, akasema taratibu, "Vaa ile ya kijivu."

Hebu niambieni: katika behewa lile zima la watu wenye kaptura, nani mwingine atapiga pasi suti ili aachwe atazame mlima?