Mabomba Yanayojisafisha

Mama wa usafi katika wodi yetu hana haraka wala makelele. Kila asubuhi huanza na sinki la mlangoni, na kidole chake kikigusa utelezi kwenye bomba, husonya kama aliyetukanwa. Mfukoni hakosi kipande cha waya wa kusugulia masufuria. Mwaka huu tuliletewa mabomba yaliyopakwa chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Mtaalamu aliyeyaleta alitueleza sisi wauguzi kwamba bakteria hawawezi kujenga ule utando wa utelezi juu yake, kwa hiyo vidonda vya wagonjwa vitakuwa salama. "Mama, haya yanajisafisha," akamwambia. "Yapitishie kitambaa laini tu." "Sawa, mwanangu," akajibu, na mtaalamu alipotoka, akatoa waya wake. Alisugua mpaka mng'ao wote ukahamia kwenye waya. "Hata paka anayejisafisha hutumia ulimi," aliniambia. "Hili bomba ulimi wake uko wapi?"

Baada ya miezi mitatu mtaalamu alirudi na vijiti vya pamba, akapima kila bomba. Utando hakuna, hata dalili. Alifurahi mno, akampa mama mkono. Leo mkuu wa hospitali ametusomea matokeo: mabomba yamefaulu, hivyo wodi haihitaji tena mtu wa usafi. Nilifungua mdomo, mama akanitazama, nikaufunga. Alivua aproni, akaikunja vizuri, kisha akanitia ule waya mkononi.

"Anza na la mlangoni," akasema.